Mtoto wa mwaka na miezi minane ana vichezeo tele: Krismasi hii apewe nini?

#1 MwanaKimara
Wakuu, habari za jioni. Kuna mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, mjukuu wa kwanza pande zote mbili. Magari ya kusukuma anayo, midoli ya kuimba anayo, matofali ya plastiki yamejaa mabeseni mawili, baiskeli ya matairi matatu imesimama nyuma ya mlango. Anachochezea kutwa ni sufuria, mfuniko na mwiko. Mashangazi wameshaanza kupiga simu wakiuliza walete nini. Bajeti ya wazazi ni 60,000, wanakaa ghorofa ya tatu, uwanja hakuna. Maswali mawili: anunuliwe nini, na kwa nini alivyonavyo havimshiki? Nawasilisha.

#2 KipepeoTegeta
Nguo ya sikukuu na viatu, basi. Umri huo hata Krismasi haijui.

#3 MwalimuChekechea
Kipepeo, nguo sawa, ila swali la pili hujaligusa. Havimshiki kwa sababu viko vyote mbele yake kwa mara moja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto 36 wa miezi 18 hadi 30. Kila mtoto alicheza mara mbili, mara moja chumbani mna vichezeo 4, mara nyingine 16. Palipokuwa na 4 alikaa na kimoja kwa muda mrefu zaidi, tena akakichezea kwa namna nyingi zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, punguza. Mtoto akilala, mwaga kila kitu sakafuni. Vilivyovunjika toa. Vilivyobaki gawa mafungu manne, na kila fungu lichanganye cha kusukuma, cha kupanga, cha kuigiza na kitabu. Fungu moja libaki chini, matatu yaingie kwenye maboksi juu ya kabati. Badilisha kila wiki moja au mbili. Usibadilishe kila siku, maana ndiyo kwanza anaanza kukivumbua kitu na wewe unamnyang'anya. Mdoli anayelala naye hahusiki, huyo abaki. Vinavyopanda kabatini toa betri, kwa joto la Dar huvuja na kula vyuma vya ndani. Ukianza mwisho wa Novemba na kubadilisha kila wiki, fungu la nne litashuka karibu na Krismasi na litakuwa geni kwake kama limetoka dukani.

#4 BabaPacha_Ukonga
Mwalimu, kugawa mafungu nakubali, sababu siikubali. Mwachie hata vinne, vikiwa vyote vya kubonyeza vikaimba, kesho amevimaliza. Kitu cha kubonyeza kina jibu moja tu. Sufuria inagongwa, inafunikwa, inajazwa, inavingirishwa, inavaliwa kichwani. Tatizo ni aina, idadi imesingiziwa. Halafu utafiti ule uliangalia vipindi vifupi vya kucheza, haukumfuata mtoto anayeishi na vitu hivyo miezi.

#5 ShangaziTabata
Mnazunguka mbuyu. Anashika sufuria kwa sababu anamwona mama yake anashika sufuria! Mnunulieni vyake vya kweli, vidogo: sufuria ndogo kabisa yenye mfuniko, mwiko mfupi, ungo wa saizi ya sahani, kikapu cha ukili, kifagio kilichokatwa mpini. Mbuzi ya nazi msithubutu, yale meno ni kisu.

Kabla ya kulipa, pitisha kipande cha pamba au kitambaa laini kuzunguka mdomo wa sufuria. Nyuzi zikikwama, ukingo unakata, rudisha. Angalia na ripiti za mkono, zile nyembamba hulegea akigonga sakafuni.

#6 MachingaKongo
Habari za hapa. Mzigo wa sikukuu umeshuka, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, umejaa. Kwa mtoto mwenye kila kitu dawa ni gari la betri, la kupanda mwenyewe. Hilo halina mfano. Au treni ya kuimba yenye taa, hiyo inaingia kwenye bajeti. Njooni wiki za mwanzo za Desemba asubuhi, ikifika wiki ya sikukuu mtu hapati hata nafasi ya kukifungua kitu akakijaribu.

#7 BabaPacha_Ukonga
Machinga, umekuja kuuza au kushauri?

#8 MachingaKongo
Vyote viwili kaka, na nimewapa saa nzuri ya kuja bila malipo.

#9 FundiUmeme_Buguruni
Saa ametupa nzuri, ila gari la betri kwa huyu mtoto halifai, na sababu ni za kiufundi. Moja, mengi yameandikwa miaka 3 na kuendelea. Wa mwaka na miezi minane anakanyaga pedali, lakini kukanyaga huku anakata usukani hawezi bado, anakwenda ukutani tu. Mbili, haya madogo mara nyingi yana betri ya risasi na asidi ya volti 6. Betri hiyo ikikaa tupu inakufa. Kila akimaliza kucheza ichajiwe, na hata kama haitumiki ichajiwe angalau mara moja kwa mwezi. Watu huliweka Januari wakaja kulitoa Pasaka, halitembei, wanamlaumu muuzaji. Tatu, matairi ni plastiki tupu: kwenye mchanga wa mitaani yanazunguka palepale, kwenye vigae yanateleza. Ghorofa ya tatu ndiyo usiseme.

#10 MuuguziZamu
Na hiyo treni ya kuimba, naomba wote msome hapa.

Geuza kichezeo, tafuta mlango wa betri. Hauna skrubu? Usinunue, hata kama ni cha 3,000. Vingi vya bei ndogo vinatumia betri za duara, hizi watu huita betri za saa, na mlango unafunguka kwa ukucha. Mbaya kuliko zote ni ya lithiamu yenye upana wa milimita 20. Inakwama kwenye njia ya chakula, inapitisha umeme kwenye nyama yenye unyevu, na pale inapogusa inazalisha kemikali kali inayounguza. Madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa 2. Betri "iliyokufa" nayo inaunguza, kwa sababu umeme uliobaki hautoshi kuwasha taa lakini unatosha kuchoma koo.

Zinapatikana pia kwenye viatu vya kuwaka taa, kadi za kuimba, rimoti ndogo za gari na mapambo ya mti wa Krismasi. Kwa hiyo nyumba inayokataa vichezeo vya betri haijamaliza kazi.

Mtoto akimeza au ukishuku tu: usimtapishe, usimpe chakula, kimbilia hospitali yenye eksirei na useme mlangoni kabisa neno "betri". Akiwa ameshapita mwaka mmoja na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali haiponyi, inapunguza tu kuungua, kwa hiyo asicheleweshwe kwa kuitafuta. Chini ya mwaka mmoja asali haitolewi. Betri ikiwa puani au sikioni usitie chochote, mpeleke vilevile haraka.

#11 KipepeoTegeta
Ahsante Muuguzi. Nilikuwa nimeshauri viatu, sasa nasahihisha: viatu visivyowaka taa.

#12 ShangaziTabata
Na vipande vidogo je? Nasikia kuna kipimo cha bomba la karatasi ya chooni.

#13 MuuguziZamu
Kipo. Bomba la katikati lina upana wa kama sentimita 4. Kinachopita humo chote kisimfikie mtoto wa chini ya miaka 3.

#14 Mkaguzi_Mstaafu
Niongezee namba. Kipimo rasmi wanachotumia viwanda ni silinda ya milimita 31.7, kwa hiyo bomba la chooni ni kali zaidi ya kiwanda, na kwa nyumbani ni vizuri liwe kali. Mipira ina sheria yake: kwa mtoto huyu usinunue chini ya milimita 44.5, kwa kuwa cha mviringo kinaziba koo lote bila kuacha upenyo wa hewa. Gololi, kete za bao na shanga kubwa zote zimeanguka mtihani.

Kamba nazo, kama kwenye gari la kuvuta, zisizidi sentimita 22, zikizidi zinaweza kuzunguka shingo. Sumaku ndizo sisikii watu wakizitaja: vile vidonge vidogo vyenye nguvu, mtoto akimeza viwili vinavutana utumbo ukiwa katikati na kuutoboa. Halafu maputo. Sikukuu kila nyumba ina maputo, na kipande cha puto lililopasuka ni hatari kuliko puto zima. Likipasuka, okota vipande papo hapo.

#15 MzeeGerezani
Nawasoma tu. Mmetaja idadi, aina, kuiga. Hakuna aliyetaja mtu. Mtoto anakwenda jikoni kwa sababu jikoni kuna mtu, sebuleni kuna plastiki. Mpeni boksi la dhahabu mkamwacha peke yake, atarudi kwenye miguu ya mama yake.

#16 MwalimuChekechea
Shikamoo Mzee. Lina uzito hilo, ila jaribuni hivi: mama ahamie sebuleni na kazi yake, tuone mtoto atabaki na midoli au atakwenda kuifuata sufuria. Wapo watakaobaki, wapo watakaoifuata. Na umri wenyewe unachangia. Kati ya mwaka na miaka miwili mtoto yuko kwenye kujaza na kumwaga, kubeba kutoka hapa kupeleka pale, kufunika na kufunua. Sufuria na mfuniko vinajibu haja hiyo. Matofali ya plastiki ya kubana yanahitaji nguvu ya vidole asiyokuwa nayo bado. Weka beseni moja kando, miezi sita ijayo utaona.

#17 MzeeGerezani
Marahaba, mwanangu. Jaribio nimelipokea. Ila umri pekee hautoshi: yupo mwenzake wa umri huohuo asiyetazama sufuria kabisa, kazi yake ni kufungua na kufunga droo.

#18 ShangaziTabata
Mzee, droo si kufunua na kufunika hukohuko?

#19 SeremalaKeko
Wakuu, kwa 60,000 mnaweza kupata matofali ya mbao ya kuchonga, na haya hayaishi utamu hadi darasa la kwanza. Siri iko kwenye uwiano: unene, upana na urefu viwe 1:2:4, ndipo viwili vilivyolala vinalingana na kimoja kilichosimama kwa ubavu na mnara unakaa sawa. Kipimo kinachojulikana tangu zamani ni sentimita 3.5 kwa 7 kwa 14.

Hakuna haja ya kupasua gogo. Tafuta mbao ya inchi moja na nusu kwa tatu ambayo ikipigwa randa inabaki karibu na 3.5 kwa 7, ila pima kwa rula kabla ya kulipa, mbao za mtaani hazilingani. Futi 12 ni kama sentimita 366. Kila kipande kinakula 14 na milimita 3 za msumeno, unapata 25. Ondoa vifundo na nyufa, hesabu 20. Vichache vikate nusu, sentimita 7. Vichache viache 28.

Mbao iwe kavu. Mbichi inapinda ndani ya wiki kwenye chumba chenye kiyoyozi, mnara hausimami. Msonobari ni rahisi na mwepesi, mtiki na mninga ni mizuri ila bei imepanda. Vipande vya MDF (mbao bandia ya unga wa mbao) vilivyobaki karakana kataeni: vikilowa mate vinavimba na kumeguka, na vimeshikwa na gundi.

#20 MamaWaMbezi
Fundi, na rangi?

#21 SeremalaKeko
Hakuna rangi. Msasa namba 120, kisha 220, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha vikauke. Ukitaka vipate mng'ao, paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, sugua kwa kitambaa. Rangi ya mafuta ya geti na vanishi ya vitanda usikubali hata fundi akikuambia haina shida, kopo lisilojulikana linaweza kuwa na risasi, na mtoto wa umri huu kila kitu anakipeleka mdomoni.

#22 Mkaguzi_Mstaafu
Naunga mkono kuhusu risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ila Seremala, nakupinga kwenye saizi. Tofali la 3.5 kwa 7 kwa 14 ni sentimita za ujazo 343. Kwa msonobari ni kama gramu 170, kwa mninga zinapita 200. Umri huu wanarusha. Kwa huyu chonga 2.5 kwa 5 kwa 10: uwiano uleule, na kwa msonobari kama gramu 60.

#23 SeremalaKeko
Ukipunguza hivyo, akifika miaka mitatu unachonga upya, na kile chepesi mnara wake unaanguka kwa upepo wa feni. Msonobari gramu 170 si tatizo kama anachezea kwenye mkeka.

#24 BabaPacha_Ukonga
Feni za nyumba zipi hizo zinazoangusha mbao, fundi?

#25 JiraniWaKunduchi
Mimi nasema mchanga. Boksi la mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 20, ndoo na kikombe. Hakuna mtoto anayechoka mchanga.

#26 Mkaguzi_Mstaafu
Jirani, umesoma ghorofa ya tatu? Hiyo ni karibu theluthi mbili ya njia kuelekea nusu tani: mita za ujazo 0.2 mara kilo 1,600 ni kilo 320 hivi. Chukua beseni la sentimita 60, kina sentimita 5 za mchanga, kilo 22 au 23, kwenye baraza. Mchanga wa ujenzi uoshe mpaka maji yatoke meupe, vumbi lake linaingia kifuani. Funika usiku, paka akigeuza choo mnaleta minyoo ya ngozi.

#27 MamaWaMbezi
Na maji? Beseni la maji na vikombe viwili, bure kabisa, Desemba jua hili.

#28 MuuguziZamu
Maji ni mazuri sana kwa joto hili, kwa sharti moja: mtu mzima akae hapo mkono ukifika. Sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha mtoto. Simu ikilia, nenda naye. Mkimaliza mwaga na mgeuze beseni, yasilale. Mbu wa dengi anazaa kwenye maji ya beseni na ndoo majumbani, na Dar imeshapata milipuko, mwaka 2014 na 2019.

#29 MsafiriWaMoshi
Mnasahau watu wanaopanda basi kwenda kwao Desemba. Mkimpa boksi la matofali ya mbao kilo nne, nani anabeba? Wengi wetu tarehe 20 tuko barabarani. Zawadi ya safari iwe inayokunjika.

#30 KipepeoTegeta
Wale wa Kaskazini wamefika, uzi sasa unakwenda Moshi.

#31 MsafiriWaMoshi
Na utafika salama, dada. Nilichotaka kusema: kitabu cha picha za ndugu. Chagua picha 10, uso mmoja kila ukurasa, mkubwa: babu, bibi, shangazi, mjomba, jirani, mbwa wa Moshi. Chapisha saizi ya A5, steshenari yoyote wanafanya laminesheni. Mwambie aache ukingo wa milimita 4 wa plastiki kuzunguka karatasi, ukikata hadi kwenye karatasi mate yanaingia na ukurasa unafunguka. Kona zikatwe mviringo, laminesheni ngumu inachoma jicho. Usifunge kwa waya wa spairo, ncha yake hutoka. Toboa matundu mawili, funga kwa utepe mfupi wa kitambaa. Njiani anataja majina, akifika kwa bibi hamkimbii.

#32 MzeeGerezani
Hicho sasa nimekielewa.

#33 MhasibuPosta
Kwa mashangazi wanaopiga simu: wapeni kazi, kila mmoja yake. Mmoja viatu, vizidi kidole kwa sentimita 1 hivi, zaidi ya hapo anajikwaa. Mmoja nguo ya saizi inayofuata, ivaliwe katikati ya mwaka. Babu na bibi wanaotaka kutoa kubwa waelekezeni kwenye Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, au akaunti ya mtoto benki. Andaeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha NIDA cha mzazi. Kama cheti bado, anzieni RITA, wakala wa usajili wa vizazi, bila hicho kila mlango unagonga.

#34 ShangaziTabata
Mhasibu, shangazi akitoka Tanga na mdoli mkononi utamwambia arudi nao akanunue vipande vya mfuko? Heshima nayo ipo. Mwambieni mapema, tena aambiwe na ndugu yake wa damu, si wa ndoa. Msiseme "msilete kitu", semeni "mtoto anapenda sana hadithi zako, mletee kitabu umsomee". Akileta mdoli pokeeni kwa mikono miwili, uingie kwenye fungu la tatu la Mwalimu.

#35 DadaWaKigamboni
Kivuko cha Kigamboni jamani! Anaona maji, meli, magari yanaingia. Au Kijiji cha Makumbusho. Hakuna kinachojaza kabati.

#36 BabaPacha_Ukonga
Kivuko siku ya sikukuu msongamano wake na mtoto mgongoni, hapana. Nendeni tarehe 23 asubuhi, au baada ya Mwaka Mpya.

#37 MamaWaMbezi
Bei ya chini kuliko zote: unga wa kufinyanga. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta vijiko 2 vya chakula, maji ya ndimu vijiko 2, maji vikombe 2 kasoro. Koroga kwenye moto mdogo mpaka ujitenge na sufuria, kanda ukiwa vuguvugu. Ukinata, ongeza unga kijiko kimojakimoja. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya friji, ukiuacha nje kwa unyevu wa Dar unaota ukungu siku chache tu.

#38 MuuguziZamu
Akae naye mtu. Chumvi hiyo ni nyingi, akila donge zima ni tatizo. Akilamba tu, ladha yenyewe itamfukuza.

#39 MwanaKimara
Ahsanteni wote. Wazazi wamesoma. Midoli inagawanywa Jumamosi, treni ya kuimba iliyokuwa humo imegeuzwa na kweli haina skrubu, imetolewa. Kwa 60,000 wameelekea kwenye mbao na kitabu cha picha. Kwa nini havimshiki bado wanabishana, baba yuko na BabaPacha, mama yuko na Mzee. Seremala, swali la mwisho: kona za vipande zikatwe vipi?

#40 SeremalaKeko
Usizizungushe sana, kikiwa mviringo hakisimami. Pitisha randa mara moja kila ukingo kwa pembe ya 45, milimita 2 tu, kisha msasa 220 kwa mkono. Kona nane za ncha zisugue peke yake mpaka ukibonyeza kwenye kiganja isiache alama. Na leta rula yako.

#41 Mkaguzi_Mstaafu
Na mwambie akate viwili vya saizi yangu, mtoto mwenyewe aamue.